Futi Saba na Inchi Tatu za Uongo

Waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita nawaomba dakika moja. Mliosoma, vumilieni, nendeni mkachemshe chai mrudi.

Mimi ni Vernell Pickett, msaka vipaji wa Kambale wa Cincinnati, timu ya mpira wa kikapu ambayo msimu ule ilicheza mechi themanini na mbili ikafungwa sitini na saba. Wenyewe tulikuwa tunasema tunajijenga upya. Hilo ni jina la heshima la kupigwa kila unapotoka nyumbani. Lakini kupigwa nako kuna faida yake, maana timu zilizofungwa sana ndizo zinazotangulia kuchagua vijana wapya ukifika mwezi wa sita. Sisi tukapata nafasi ya tatu.

Tuliyemtaka ni Zeke Malveaux wa Lake Charles, Louisiana. Mfupi kwa viwango vya watu hawa, ila anauona mchezo kana kwamba alishaucheza jana. Nilikwenda mpaka jikoni kwa bibi yake, Bi. Odile, nikala bakuli tatu za gumbo yake, ule mchuzi mzito wa bamia, nikampa neno langu kwamba tutamchukua mjukuu wake. Nikamwambia Zeke asijaribiwe tena na timu nyingine. "Jifanye kifundo cha mguu kinauma." Alichechemea vizuri hadi timu zote zikamfuta kwenye orodha zao.

Kisha meneja wetu mkuu, Dorsey Kessler, akaniagiza nivumishe kwamba tunamtaka mtu mwingine, ili asitokee wa kutushtukia. Kwenye kazi hii kila timu inafanya hivyo. Unayempenda humtaji, na unayemtaja humpendi.

Nikamchagua mtu ambaye hakuna mwenye akili timamu angemtaka. Thaddeus Grubb wa Idaho, futi saba na inchi tatu, mikono kama makasia. Mpira ukimjia, anafumba macho.

Niliwaacha pale mwandishi wa habari Benny Trautwein alipofungua daftari lake.

Tulikuwa mkahawani kwa Mgiriki, tambi zimemwagiwa mchuzi wa nyama, jibini juu limejaa mpaka tambi hazionekani. Mchana, watu wamejaa.

"Huyo Grubb hawezi kudaka mpira," Benny akasema.

"Hadaki kwa sababu hajawahi kupewa pasi ya kumheshimu."

Benny akaacha kutafuna. Akaandika.

"Lakini anafumba macho, Vernell. Nimemwona."

"Anausikiliza."

"Anausikiliza nini?"

"Mpira. Kabla haujafika. Wewe unaona kwa macho kwa sababu hujajaliwa zaidi ya hapo."

Sasa nikiri jambo moja. Mimi nikiona watu wananisikiliza, breki zinakatika. Meza ya jirani walikuwa wamegeuza viti. Mpishi ameegemea kaunta na mwiko mkononi. Ningenyamaza vipi?

Nikawaambia mikono ya Grubb bado inakua. Benny akasema jamaa ana miaka ishirini na mbili. Nikasema ndiyo maana hata madaktari wamekaa kimya.

Kesho yake gazeti lilitoka na picha nusu ukurasa: KAMBALE WAMENASA ANAYEUSIKIA MPIRA.

Kessler akafurahi. "Safi sana. Sasa andika ripoti kamili, kurasa kumi, uende nayo Chicago kwenye vipimo vya vijana, timu zote zinakokutana, uisahau hotelini."

Niliisahau kwenye kochi la mapokezi. Niliporudi baada ya saa moja ilikuwa palepale, ina alama za vikombe vinne tofauti vya kahawa.

Nikajiona bingwa. Nikampigia Bi. Odile nikamwambia mambo yanakwenda vizuri.

"Mimi sipandi ndege, mwanangu," akasema. "Treni mpaka huko New York mnakowachagulia ni siku mbili. Niambie kweli, nijisumbue au nisijisumbue?"

"Utaenda kukaa mstari wa mbele, mama."

"Basi nitatoa ile kofia yangu ya zambarau. Naivaa kwenye harusi na misiba tu."

Wiki mbili kabla ya siku ya uteuzi, Kessler akaniita ofisini. Akafunga mlango. Mezani ilikuwa ripoti yangu, imepigwa mistari ya kijani.

"Vernell, nimeisoma tena ripoti yako ya Grubb."

"Ile ya uongo."

"Hiyohiyo. Ukurasa wa sita umenigusa."

"Bosi, ukurasa wa sita niliuandika chooni."

"Huenda ndiko ulikotulia." Akavua miwani. "Unasema anajua mpira utakapoangukia kabla ya aliyeurusha. Unajua timu ngapi zimenipigia kumuuliza? Tisa. Watu tisa hawawezi wote kuwa wajinga."

"Wamesoma ripoti yangu, bosi. Ile uliyoniagiza niidondoshe."

"Ndiyo. Na imewashawishi. Ripoti mbaya ingewashawishi?"

Nikaangalia ukuta. Haukuwa na msaada.

Akamwita Anselm Drury, yule wetu wa takwimu, kijana mwembamba anayekula karoti siku nzima. Anselm alikuwa ameiingiza ripoti yangu kwenye kompyuta, kurasa zote kumi.

"Mashine imempa namba moja nchini," akasema.

"Anselm, umeilisha maneno yangu."

"Mashine haina upendeleo, Mzee Pickett." Akavunja karoti. "Malveaux imempa namba thelathini na nane. Kwa sababu ya mguu."

"Mguu mzima ule. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchechemea."

"Hilo halimo kwenye data."

Kessler akanipigapiga bega na kusema Zeke bado yuko kwenye mawazo yake. Nikatoka hapo jasho linanitiririka mpaka kwenye soksi. Lakini sikuwa nimekutana na kubwa lenyewe.

Kubwa lenyewe lilikuwa Mama Stumpf, mwenye timu, mjane wa mfalme wa magodoro wa Ohio nzima. Alikuwa amesoma gazeti, akamwalika Grubb chakula cha jioni bila kumuuliza mtu.

Alinipigia asubuhi yake. "Vernell, kijana wako nimempenda."

"Si wangu, mama."

"Usijishushe. Amekula sahani nne, kisha akaosha vyombo. Na sikiliza. Taa tatu za ukumbini kwangu zilizimika wiki aliyofariki mume wangu Walter. Miaka sita. Hakuna ngazi inayofika. Yule mtoto alinyoosha mkono tu. Nimekaa ukumbini mpaka kumekucha, taa zinawaka."

Ningemwambia nini mwanamke wa namna hiyo?

"Nimeshaagiza kiwandani godoro la futi nane," akamalizia.

Ndipo nikapata wazo, na mawazo yangu ndiyo yaliyonifikisha kwenye gazeti hili. Nikasema dawa ni watu wamwone. Nimlete Grubb uwanjani, mchana kweupe, Mama Stumpf akiwa kwenye kiti cha mbele. Akiukosa mpira mara kumi mfululizo, uongo utajifia wenyewe bila mimi kumuudhi mtu.

Akaja. Akainama mlangoni, akaniamkia vizuri, akauliza wapi aweke viatu vyake visimzuie mtu. Kocha msaidizi akampigia pasi ya kwanza.

Grubb akafumba macho. Mpira ukampiga kifuani, ukarudi mikononi mwa kocha, kocha akaushangaa, akaurusha tu, ukaingia kikapuni.

"Pasi ya kifua," Kessler akanong'ona. "Bila mikono."

Wa pili ukampita sikioni. Mama Stumpf akashika shanga zake. "Ameuacha. Anachagua."

Wa tatu ukampiga kisogoni, alikuwa amegeuka kumshukuru aliyempa maji. Ukaruka juu, ukagonga ubao, ukaingia.

Anselm akasimama na karoti yake. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

Kufika wa kumi walikuwa wanampigia makofi kwa kukosa. Mimi ndiye pekee niliyekuwa nimekaa, na Mama Stumpf akaniambia nisimwonee haya kijana, nionyeshe furaha yangu.

Baadaye Grubb akanifuata kwenye maegesho ya magari. Nikadhani anataka kunishukuru. Kumbe afadhali angenitukana.

"Mzee Pickett, mimi si mchezaji mzuri."

"Najua," nikasema. Lilinitoka tu.

Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Tangu darasa la sita wananisukumia uwanjani kwa sababu ya urefu. Kila kocha alinitoa. Wewe ndiye wa kwanza kuandika neno zuri juu yangu. Mama ameikata ile habari akaibandika kwenye friji. Anaisoma kila akitoa maziwa."

"Sasa wewe unataka nini, dogo?"

"Nyuki. Mjomba ana mizinga. Nikiwa nao sikosei." Akatazama mikono yake. "Lakini mama amefurahi. Sijui nitaanzia wapi kumwambia."

Nikaenda kukaa ndani ya gari langu bila kuliwasha.

Na hapo ndipo dhambi yangu halisi ilipo, wasomaji wangu, si kwa Mgiriki. Jioni ileile Bi. Odile alipiga simu.

"Kesho ndiyo siku ya kupanda treni. Zeke ananiambia nimuulize Mzee Pickett mara ya mwisho. Nipande, mwanangu?"

Ningeweza kusema kweli. Ningeweza kumwambia, mama, mwambie Zeke aache kuchechemea, akimbie mbele ya timu yoyote itakayomtazama, bado ana siku nne. Badala yake nikasikia kwa nyuma wanawake wa kanisani kwake wanaimba, wamejaa jikoni kumfungia chakula cha safari, na mimi watu wakijaa nakuwa dhaifu.

"Panda, mama," nikasema.

Siku ya uteuzi tulikaa kwenye chumba cha mikutano, pizza mezani hakuna anayeigusa, televisheni ukutani inaonyesha ukumbi wa New York. Vijana walioalikwa wamekaa na jamaa zao kwenye meza za duara. Zeke yuko na suti ya kijivu. Pembeni yake kofia ya zambarau, kubwa kama sinia. Meza mbili kutoka hapo, Grubb, magoti yamepita meza, na mama yake anamnyooshea tai kwa kusimama juu ya kiti.

Mezani kwetu palikuwa na simu mbili za kwenda New York. Mwaka uliopita moja ilikatika zamu yetu ikakaribia kupita, kwa hiyo Kessler akaweka ya akiba. Upande wa pili wa simu zote mbili alikuwa Cleotis Yarbrough, aliyefua jezi zetu miaka arobaini. Walimpeleka kumpa heshima kabla ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza jina, kuliandika kwenye kadi, kuipeleka kwa kamishna. Cleotis hajawahi kumkatalia binadamu jambo lolote. Ukimwambia aoshe jezi safi, anaiosha.

Wa kwanza akaitwa. Wa pili akaitwa. Wote tuliowatarajia. Saa ikaanza kuhesabu dakika tano zetu, Zeke bado yupo.

"Bosi," nikasema, "tumchukue mtoto tuondoke."

Simu ya Kessler ikalia. Ilikuwa Omaha, wenye nafasi ya nne, nyuma yetu tu. Akasikiliza, uso ukabadilika rangi, akafunika simu kwa kiganja.

"Wanataka tubadilishane nafasi. Watupe mchezaji mmoja mzuri juu yake. Wanamtaka Grubb."

Karibu nipige magoti. Uongo umezaa. Omaha wamchukue Grubb wa tatu, sisi tumchukue Zeke wa nne, na nyongeza juu. Hata Kessler akaamka kwenye usingizi wake. "Vernell, wewe ni shetani mwenye baraka. Nakubali."

"Hukubali kitu," akasema Mama Stumpf.

Alikuwa amekaa mwisho wa meza na mkoba mapajani. "Omaha si wajinga. Kama wanatoa mchezaji kumpata, basi kijana ni bora kuliko Vernell alivyoandika."

"Mama, Omaha wamesoma nilichoandika mimi."

"Basi wanakuamini kuliko unavyojiamini."

Dakika tatu.

Nikasimama. Nikavua kofia, sijui kwa nini, nilikuwa nimeivaa ndani ya nyumba siku nzima. Nikasema yote. Mgiriki, jibini, choo, kochi la Chicago, kifundo kisichouma. Nikasema Grubb anataka nyuki. Nikasema kuna bibi amekaa kwenye treni siku mbili kwa sababu ya neno langu, na mjukuu wake hakuna timu nyingine itakayomgusa, kwa sababu mimi ndiye niliyemlemaza kwa mdomo.

Chumba kilikuwa kimejaa, na kwa mara ya kwanza maishani watu waliponisikiliza nilitamani wasiwepo.

Mama Stumpf akanitazama kwa huruma. "Omaha wamekuahidi kazi?"

"La, mama."

"Mtu hasemi mambo ya aibu hivyo bure. Unamfichia mtu." Akageuka. "Anselm, mashine inasemaje?"

"Grubb," Anselm akasema. "Ila nimejaribu kuiingizia hayo aliyosema sasa hivi."

"Na?"

"Inasema Mzee Pickett si chanzo cha kuaminika. Kwa hiyo haijamwamini."

Dakika moja na nusu. Kessler alikuwa na Omaha sikio moja, vidole kwenye sikio la pili, anasema "ngojeni, ngojeni" kama mtu anayemtuliza farasi.

Nikaangalia televisheni. Kamera ilikuwa imemkuta Bi. Odile. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa anatazama moja kwa moja, kama vile ukutani kwao kuna tundu anamwona Vernell Pickett amesimama bila kofia.

Sikuamua. Mkono wenyewe ulienda. Nikainyakua simu ya kwanza.

"Cleotis. Andika Zeke Malveaux."

"Ndiyo, bwana," akasema Cleotis.

Nikasikia kiti kikianguka. Mama Stumpf, miaka sabini na nne, alikuwa ameufikia mwisho wa pili wa meza kabla ya Kessler kugeuka. Alikuwa na simu ya akiba sikioni.

"Cleotis, ni mimi. Andika Thaddeus Grubb."

"Ndiyo, mama," akasema Cleotis. Nilimsikia kwenye simu yangu pia.

"Cleotis, usimwandike Grubb."

"Ndiyo, bwana."

"Cleotis, usimsikilize huyo."

"Ndiyo, mama."

Sifuri.

Kwenye televisheni tulimwona Cleotis na koti lake la kijani la Kambale, anatembea polepole na kadi ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Akampa kamishna. Kamishna akapanda jukwaani. Akaisoma kadi. Akaigeuza akasoma nyuma. Akarudi mbele.

Kwenye simu nikamsikia Cleotis amerudi mezani kwake. "Jamani, nimeandika kila mlichosema," akasema. "Herufi nzuri kabisa."

Kamishna akatazama meza ya Zeke, kisha meza ya Grubb. Zeke akasimama. Meza mbili mbele, Grubb naye akasimama, taa zikamwangukia kwanza yeye. Wakatazamana. Ukumbi mzima ukaanza kunong'ona, na Grubb, Mungu ambariki, akaketi, kisha mama yake akamsimamisha tena kwa sikio.

Ndipo kofia ya zambarau ikainuka.

Bi. Odile akachukua mkoba wake. Akampita Zeke. Akampita Grubb, ambaye alijikunja kumpisha. Walinzi wawili wakamsogelea, akawaambia kitu, wakasogea pembeni wote wawili. Akapanda ngazi tatu za jukwaa, akaichukua kadi kutoka mkononi mwa kamishna, akaisoma mbele na nyuma, akakishusha kipaza sauti mpaka kwenye kidevu chake, akasema, "Vernell Pickett."

Mama Stumpf bado alikuwa ameshika simu sikioni.

"Vernell," akaniuliza, taratibu, "yule bibi ni nani, na kwa nini amelitaja jina lako?"